Kidole cha Itohara

Kiwandani kwa Fukuma, pale Yasugi, Japani, Kadowaki Sadamu alikuwa anaitwa Kivuli, na mwenyewe alikuwa anaitika. Hakuona tusi. Miaka yote aliyofanya kazi pale alisimama nyuma ya bega la kushoto la Mzee Itohara, koleo refu mkononi, anasubiri mzee aseme. Mzee akisema toa, Sadamu anatoa. Mzee akisema weka, Sadamu anaweka. Mzee akienda kunywa chai, Sadamu naye ghafla anashikwa na kiu. Noriaki, yule mrefu wa kwenye feni, mdomo hauna breki, alikuwa akisema siku mzee akitumbukia mtoni watafutwe wazamiaji wawili, maana Kivuli atakuwa ameshatangulia chini.

Sadamu alizaliwa juu kule milimani, ukoo wa wachoma mkaa. Baba yake alikuwa anapeleka mkaa kwenye matanuru ya zamani ya udongo, ya kuyeyusha mchanga wa chuma, mpaka matanuru yakafa moja moja na mkaa ukakosa mnunuzi. Sadamu akashuka mjini na nguo alizovaa na sauti ndogo. Hiyo sauti ndiyo ilimtesa maisha yake yote. Akiagiza tambi, mwenye duka anamhudumia aliyekuja nyuma yake. Kuna mwanamke alimngoja amchumbie, akangoja, akachoka, akaenda kuolewa Matsue. Watu wanasema Sadamu alimchumbia kabisa, ila hakusikika. Akabaki peke yake, chumba cha juu ya duka la kuuza tofu ya soya, na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa sumaku. Sumaku za chuma, nikeli, alumini na kobalti, za kutia kwenye spika na kwenye mita. Kuyeyusha na kumimina, mtu yeyote mwenye mikono anajifunza. Shughuli iko kwenye kupoza. Itohara alimweleza siku moja ya mvua, wamekaa wanakula wali na plamu za chumvi.

"Sikia, Kivuli. Juu kabisa, moto ukiwa mweupe, hiki kitu ni mwili mmoja. Kikishuka kinagawanyika, kinakuwa miili miwili, nyuzi nyuzi. Mmoja unabeba nguvu, mwingine unaulinda. Sisi tunakitia ndani ya koili la umeme palepale kinapogawanyika, ili nyuzi zilale upande tunaoutaka sisi. Hapo ndiyo sumaku. Ila kati ya juu na pale kuna mahali pabaya. Ukikikawiza hapo, mwili wa tatu unaingia. Huo haushiki hata pini."

Sadamu akauliza mwili huo ukishaingia unatolewaje.

"Unarudisha motoni, unaanza upya. Na ukianza upya, nusu zinapasuka kama vikombe. Kwa hiyo usikawize. Kiwe juu au kiwe chini. Katikati hapafai kukaa."

Ndiyo maana kulikuwa na feni. Sanduku lililojaa sumaku linatoka tanuruni linawaka njano, feni inapuliza kwa nguvu ili lipite haraka pale pabaya, na rangi ikifika ile ya chungwa iliyokolea, ya matunda ya kaki yanayotundikwa barazani yakauke, feni inazimwa, sanduku linaingia kwenye koili. Itohara hakutumia saa. Alikuwa anatazama kwa kioo cha bluu, anakohoa kikohozi kimoja kifupi, halafu anasema. Sauti yake ilikuwa inafika mpaka barabarani.

Mwaka wa sabini na saba mapafu yakamlaza. Sadamu akasimama mbele, mara ya kwanza hakuna bega la kujificha. Rangi aliiona, tena aliijua vizuri kuliko uso wake kwenye kioo. Mdomo ndiyo ukagoma. Alikuwa anangoja kikohozi. Akaja kusema "feni" kwa kuchelewa, tena kwa ile sauti yake, na Noriaki akabaki ameshika swichi anamtazama. Sumaku zikatoka bubu. Wakarudia, zikapasuka. Mwezi mzima ukaenda hivyo. Bwana Fukuma mwenye kiwanda hakugomba. Alikuwa anapita tu, anaokota sumaku moja, anaibandika kwenye mguu wa meza, inaanguka, anaondoka. Bora angegomba.

Itohara akafa majira ya majani kudondoka.

Sasa, watu wa chuma wa upande ule wana mungu wao, mama mmoja anaitwa Kanayago, na mama huyu ana tabia zake. Mbwa hamtaki. Wanawake wenzake karibu na moto hawataki, ndiyo maana hata kwa Fukuma mwanamke alikuwa anaishia getini. Ila maiti anazipenda. Kule milimani wanasimulia kwamba zamani fundi mkuu akifa na chuma kikigoma, mifupa yake inafungwa kwenye nguzo ya tanuru, na chuma kinatiririka chenyewe. Itohara alikuwa na utani wake juu ya hilo. Akishalewa mwisho wa mwaka anasema, "Nikifa mkaona chuma kinaringa, nitundikeni jamani, msinionee aibu." Watu wanacheka, wanamjazia kikombe.

Siku ya kuuchoma mwili wa Itohara, kama desturi yao, ndugu walizunguka majivu na vijiti virefu, wanaokota mifupa wawili wawili na kuitia kwenye chungu, miguu kwanza, kichwa mwisho, ili marehemu asikae chunguni kichwa chini miguu juu. Masano, mke wake, alimpa Sadamu vijiti. Alisema huyu ni zaidi ya ndugu. Sadamu akaokota. Kilipofika kipande kidogo cha kidole, vijiti vikapishana, kikaangukia kwenye kitambaa chake. Hapo ndipo watu wanapobishana, kiliangukia au kiliangushwa. Alichofanya baadaye hakina ubishi. Alikunja kitambaa akakitia mfukoni.

Keshoye kidole kilikuwa ndani ya kopo la chai, juu ya nguzo ya kaskazini, nyuma ya kibao cha kumwomba Kanayago. Noriaki alimwona akipanda ngazi. Hakutania. Alishika ngazi isiteleze.

Na asubuhi ile sanduku lilipotoka motoni, Sadamu akasikia kikohozi. Kimoja, kifupi, mbele yake kidogo upande wa kulia, palepale bega lilipokuwa likisimama. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema "feni," na sauti iliyotoka ilifika mpaka barabarani. Baadaye kidogo kikohozi tena. "Weka." Sumaku zile, ukibandika mbili, unahitaji mtu wa pili kuzitenganisha. Fukuma aliibandika moja kwenye mguu wa meza, akajaribu kuing'oa, akaondoka anacheka na meza imesogea.

Ikawa hivyo msimu mzima wa baridi. Noriaki alifika mahali akawa anamwambia Sadamu "mzee" bila kujijua, halafu anajishika mdomo.

Majira ya joto yaliyofuata kukatokea vita huko Shaba, Zaire, kobalti inakochimbwa, nayo ikakatika. Pale kiwandani hakuna aliyejua Shaba iko wapi. Fukuma aliwaonyesha kwenye ramani ya kalenda, kidole chake kinene kikafunika nchi nzima. Akasema kobalti iliyobaki stoo inatosha sanduku moja. Kuna wateja wa Osaka, watu wa mita, wao wana kobalti yao wameificha, wako tayari kuileta na kazi ya miaka, wakiridhika na sanduku hilo. Wasiporidhika, tanuru linabomolewa, kiwanda kitanunua mashine za kukandamiza zile sumaku nyeusi za unga wa kutu, zinazochomwa kama vigae, wala hazihitaji kobalti, wala hazihitaji mtu wa kusema weka.

"Kwa hiyo, Kadowaki-san," Fukuma akamwambia Sadamu kwa heshima, "nakutegemea wewe na huyo mwenzako."

Hakusema mwenzake yupi. Alitupa jicho juu ya nguzo tu.

Wiki hiyohiyo Masano akaja getini. Akasimama nje ya mstari uliochorwa hapo, ambao mwanamke havuki, kama desturi, mwavuli mkononi, akamwita Sadamu. Mwanamke mfupi, mkavu, wa kusema mambo yake bila kuzunguka. Alimweleza kwamba Itohara anarudi nyumbani. Kila jioni, saa ileile ya kutoka kazini. Geti linalia, mitalawanda yake ya mbao inagonga mawe ya njia, inakuja mpaka mlangoni, kikohozi. Basi. Haingii. Anakaa pale mlangoni kitambo kirefu, halafu hakuna kitu. Mwanzoni alidhani ni zile siku arobaini na tisa ambazo marehemu anatangatanga kabla ya kwenda zake. Zikapita, chungu kikazikwa, yeye bado anakuja. Mtawa wa hekaluni alimwambia kuna kitu cha marehemu kimebaki upande huu.

"Nimepekua nyumba nzima, Sadamu-san. Wembe wake nimezika. Miwani nimezika. Hapa kazini hakuna kitu chake?"

"Hakuna," Sadamu akasema.

"Sikusikii."

"Nimesema hakuna, shemeji."

Masano akamtazama. Kisha akasema jambo ambalo Sadamu alirudi nalo mpaka chumbani kwake na hakulala nalo vizuri. Alisema kinachomuuma si kwamba mume wake amekufa, hilo limepita. Kinachomuuma ni kule kusimama pale. Mtu haingii, haondoki. Kama ni kwenda aende, kama ni kurudi arudi. Na kila siku kikohozi kinazidi kuwa kikavu, kinaanza kutofanana na cha kwake. Juzi alitaka kufungua mlango, akaogopa si Itohara tena aliyesimama pale.

Sadamu alikaa juu ya mkeka wake, harufu ya soya inapanda kutoka dukani chini, akawa anaona sanduku. Sanduku limetoka juu, halijafika chini, limekaa pale pabaya linawaka tu, na ndani yake kitu kingine kinaingia taratibu kinachukua nafasi. Akaanza kufikiri hivi ni nani anayemkawiza mzee pale. Jibu alikuwa nalo tangu getini.

Asubuhi akamsimulia Noriaki aliyoyasema Masano, na kwamba anataka kukirudisha kidole.

"Rudisha," Noriaki akasema, "baada ya sanduku. Amesimama mlangoni miezi mingapi? Hawezi kusimama siku mbili tatu nyingine?"

"Anaharibika."

"Na sisi je? Kivuli, mimi nina watoto na mdomo, hakuna kingine. Kwenye mashine ya vigae nitafanya nini, nivichekeshe?" Halafu akashusha sauti. "Bila yeye wewe husikiki. Unajua na mimi najua."

Sadamu aliona ni kweli. Akapanda ngazi. Safari hii Noriaki hakuishika. Alisimama pembeni amekunja mikono, na ngazi ikayumba mpaka juu.

Masano alipokea kopo kwa mikono miwili, mlangoni kwake, palepale panaposimamiwa. Akafungua, akachungulia. Sadamu alikuwa amepiga magoti kwenye mawe ya njia, paji la uso chini, anasema maneno ya kuomba radhi ambayo hayakuwa yanasikika.

"Kidole kipi?" Masano akauliza.

Sadamu akasema hajui. Cha mkono.

"Umemtumikisha." Alisema polepole, hana hata hasira. "Watu wote wakifa wanapumzika. Wangu umemtoa kwenye majivu ukamrudisha kazini. Ndiyo maana akifika hapa jioni anakohoa na haingii. Kumbe kesho ana zamu."

Wakaenda makaburini wote wawili. Sadamu akasukuma jiwe, Masano akashusha kile kipande kwenye chungu, jiwe likarudi. Hakumshukuru. Njiani kurudi alitangulia hatua nyingi, na Sadamu akawa anamfuata nyuma ya bega la kushoto bila kujijua, mpaka mama akageuka akamwambia apite njia nyingine.

Siku ya sanduku watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Fukuma mwenyewe alivaa koti. Mtu wa Osaka alisimama karibu na mlango anajifuta jasho. Noriaki hakumsalimia Sadamu, alishika swichi akatazama ukuta.

Moto ulipofika mweupe Sadamu akasema toa, na hilo halikuwa gumu, kutoa kila mtu alikuwa anaona. Sanduku likatoka linawaka njano, likawekwa mbele ya feni. Akainua kioo cha bluu. Akatega sikio.

Kimya. Hakuna kikohozi. Si mbele, si kulia, si popote. Banda lote limejaa watu na yeye anahisi yuko peke yake kwenye uwanja. Njano ikaanza kulegea. Akasema, "Feni."

Noriaki hakusikia. Au alisikia akataka kumwonyesha. Hata leo hasemi.

"Umesema nini?"

Rangi ilikuwa inashuka peke yake, taratibu, taratibu, ndiyo mwendo wenyewe unaoutaka ule mwili wa tatu. Sadamu akauona unaingia. Anaapa aliuona, kivuli cha kijivu pembeni mwa sanduku, kinapanda kama maji kwenye kitambaa. Akavuta pumzi. Kilichotoka kilikuwa kibaya, sauti nyembamba iliyopasuka katikati kama ya mbuzi.

"Feni, mpumbavu wewe! Washa!"

Feni ikaunguruma. Juu ya ule mngurumo ilibidi aseme mara nyingine, na akasema, akapiga kelele, mate yanaruka, weka, weka, weka, mara tatu neno ambalo Itohara alikuwa analisema mara moja. Sanduku likaingia kwenye koili. Umeme ukavuma. Mtu wa Osaka aliziba mdomo kwa leso, hakuna ajuaye kama alikuwa anacheka.

Sumaku zilipopoa na kumaliza kuokwa tena kwenye moto mdogo, wakazipima. Upande mmoja wa sanduku ulikuwa umekufa, bubu kabisa. Zilizobaki mshale wa mita ukapanda, ukapanda, ukagusa alama ya mteja ukakaa hapohapo, haukuongeza hata unywele. Mtu wa Osaka akapima tena. Akasema hizi si zile za zamani. Akasema lakini zinatosha, kobalti itakuja.

Fukuma alimpiga Sadamu mgongoni mpaka akakohoa. Noriaki akaenda kuleta sake, ile pombe ya mchele, akammiminia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema mbuzi amelia vizuri. Watu wakacheka, na Sadamu naye akacheka, halafu akajikuta anatazama upande wa kulia kuona kama kuna mwingine anacheka.

Siku chache mbele, watu wanajiandaa kutoka, banda likanyamaza. Masano alikuwa ameingia. Hakusimama getini, hakusimama kwenye mstari, alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya tanuru, mwanamke wa kwanza kukanyaga pale, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kitu. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kitambaa.

Sadamu akamuuliza kama mzee bado anakuja.

"Haji."

"Basi amepumzika, shemeji."

"Amepumzika." Akawa anatazama juu ya nguzo, pale kopo lilipokuwa. "Nilikuwa namtengea chai, unajua. Nilikuwa nachukia, naogopa, natetemeka, lakini maji nachemsha. Sasa maji nachemsha, saa inafika, inapita. Nimekaa na huyo mtu tangu nina miaka kumi na tisa. Sikujua kuondoka kwake kutakuwa hivi."

Masano akafungua kifurushi, akaweka mitalawanda ya Itohara sakafuni, kisigino kimeliwa upande mmoja, akaisogeza kwa mguu mpaka mbele ya Sadamu.

"Wewe umemtumikisha msimu mzima, na mimi nikakaa naye mlangoni kwa ajili yako. Sikudai kitu. Nakuomba tu jioni zangu ziingie kama zamani. Upite mlangoni kwangu saa ileile. Usibishe hodi, usiingie. Ukohoe, uende zako."

Noriaki alikuwa ametazama chini. Fukuma alijifanya anatafuta funguo.

Sadamu alikuwa anaweza kukataa. Ile sauti alikuwa nayo sasa, watu wote walikuwa wameisikia. Alivua viatu vyake vya kazi akavaa ile mitalawanda, na mguu ukaingia mahali ambapo mguu mwingine ulikuwa umeshachimba.

Geti la Masano likalia. Mitalawanda ikagonga mawe. Akafika mlangoni, akasimama, akakohoa kikohozi kimoja kifupi, na kilitoka sawasawa bila yeye kukijaribu. Ndani chai ikamiminwa. Alitakiwa aondoke hapo. Akasikia Masano anaanza kusema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutojibiwa, kwamba samaki wamepanda bei, kwamba dari ya jikoni inavuja na mwanaume wa nyumba hii kila siku ni kesho, kesho. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Sadamu alisimama palepale, mkono karibu na mlango, na jibu la mwenye nyumba, la ile dari, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake.